Kuwasha Kompyuta Iliyopoteza Kitufe Chake: Kazi ya Mwalimu na Somo la Wanafunzi

Mwanachuo amalizaye mafunzo yake na kupangiwa shule ya msingi katika mwambao wa Ziwa Nyasa, tuseme katika kata ya Mbaha, kati ya Lituhi na Liuli, asishangae akikabidhiwa ufunguo wa stoo na kuambiwa: "Kompyuta tunayo, ila haiwaki." Mara nyingi mashine ya namna hiyo ni kompyuta ya mezani iliyotumika kwanza katika ofisi fulani mbali na hapo, kisha ikatolewa kuwa msaada. Kitufe chake cha kuwashia kimebonyezwa na vidole vingi hata kikazama ndani, au kimeng'oka kabisa na mahali pake pamebaki tundu. Mashine nzima hufunikwa kitambaa, ikawa kiti cha mijusi, kwa ajili ya kipande cha plastiki kisichozidi ncha ya kidole.

Makala hii inaeleza jinsi mashine hiyo inavyoweza kuwashwa bila kumdhuru mtu wala kuiharibu yenyewe, na jinsi jambo hilo hilo linavyoweza kugeuzwa kuwa somo la sayansi. La pili ndilo zito zaidi kwetu sisi walimu. La kwanza hata fundi wa redio pale Mbinga mjini anaweza kulifanya.

Inafaa kukumbuka tunafundisha wapi. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mkoa wa Ruvuma uliunganishwa na gridi ya taifa baada ya kukamilika kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea mwaka 2018. Kabla ya hapo miji yake ilitegemea zaidi jenereta za dizeli. Kwa hiyo katika vijiji vingi vya ufukweni umeme wa ukutani ni mgeni wa juzi. Mzazi wa mwanafunzi wetu anajua vema namna ya kumwonya mtoto juu ya mamba, juu ya mawimbi ya upepo wa mwera na juu ya mtumbwi mbovu, maana maonyo hayo aliyapokea kwa wazee wake. Juu ya soketi hakupokea onyo lolote. Onyo hilo litatoka shuleni, au halitatoka mahali popote.

Kompyuta nayo si chombo tulichokizoea siku nyingi. Ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, marufuku iliyolegezwa polepole baadaye. Walimu wengi walifundisha maisha yao yote bila kuigusa hata moja. Haifai basi kumcheka mwalimu mkuu aliyeamua kuifungia stoo mashine asiyoielewa. Kati ya kuifungia na kumwachia kila mtu aichokonoe kwa msumari, yeye alichagua lililo salama.

Sasa tuitazame kazi ya kitufe. Watu wengi hudhani kwamba kitufe cha kompyuta ni sawa na swichi ya taa: ukikibonyeza, umeme hupita ndani yake kwenda kuiendesha mashine. Sivyo. Katika kompyuta za zamani jambo hilo lilikuwa kweli, na umeme mkali wa ukutani ulifika hadi kwenye uso wa kasha, karibu na kidole cha mtumiaji. Lakini mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpango mwingine wa kujenga kompyuta za mezani, uitwao ATX, nao ndio uliofuatwa na watengenezaji wengi tangu wakati huo. Katika mpango huu, mashine ikishachomekwa ukutani, kisanduku cha umeme kilichomo ndani yake hutoa umeme mdogo wa volti 5 wakati wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Umeme huo mdogo huufanya ubao mkuu wa sakiti uwe macho, ukisubiri amri. Kitufe ni njia ya kutolea amri hiyo, basi. Kibonyezwapo, ncha mbili za waya hugusana kwa kitambo kidogo. Ubao mkuu hutambua mguso huo, nao ndio uliamrishao kisanduku cha umeme kutoa nguvu yote.

Mfano mwepesi ni wa mwamuzi wa mpira. Filimbi yake haichezi mpira wala haimsukumi mchezaji. Italia mara moja, ikanyamaza, na mchezo utaendelea dakika 45 bila filimbi kupulizwa mfululizo. Tena mlio mfupi una maana moja na mlio mrefu una maana nyingine. Kitufe cha kompyuta ni hivyo hivyo: ukikigusa mara moja mashine huwaka, na ukikishikilia kwa muda wa sekunde nne au zaidi mashine hujizima kwa nguvu, hata kama ilikuwa katikati ya kazi.

Kutokana na maelezo hayo, mwanachuo ataona mwenyewe kwamba kitufe kikivunjika, mashine haijavunjika. Kilichopotea ni njia ya kutolea amri, na amri inaweza kupitishwa kwingine.

Lakini kabla ya kufungua chochote, mwalimu hana budi kuhakikisha kwamba kosa liko kwenye kitufe kweli. Aanze ukutani: je, soketi ina umeme? Chaja ya simu itampa jibu. Je, waya wa umeme umeingia barabara nyuma ya kasha? Je, swichi ndogo iliyoko huko nyuma, yenye alama ya mstari na duara, imelaliwa upande wa mstari? Kisha atazame kwa makini sana kama karibu na swichi hiyo kuna kiteuzi chekundu chenye tarakimu 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230. Mashine iliyotoka Marekani yaweza kuwa imewekwa kwenye 115, na ikichomekwa hivyo katika soketi yetu, kisanduku chake cha umeme kitalipuka kwa kishindo na moshi mara ile ile. Kiteuzi hicho hugeuzwa wakati waya umechomolewa, si wakati mwingine wowote. Jambo hili dogo huua mashine za msaada kabla hazijamfundisha mtoto hata herufi moja, na kosa lake haliwezi kurekebishwa kwa bisibisi.

Yote hayo yakiwa sawa na mashine bado iko kimya, ndipo tunapoweza kushuku kitufe, au waya wake uliochomoka kwa mitikisiko ya barabarani.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni ya kukopa kitufe cha jirani. Kompyuta nyingi za mezani zina vitufe viwili usoni: kikubwa cha kuwashia, na kidogo cha kuanzishia upya, ambacho aghalabu huandikwa RESET. Kidogo hiki hutumika mara chache, kwa hiyo mara nyingi bado ni kizima. Kwa umbo la ndani vitufe hivi viwili ni ndugu: vyote hugusanisha ncha mbili na kuziachia. Kinachovitofautisha ni mahali ambapo waya zao zimechomekwa kwenye ubao mkuu. Ukihamisha waya wa kitufe kidogo ukauchomeka mahali pa waya wa kitufe kikubwa, kitufe kidogo kitakuwa cha kuwashia tangu siku hiyo.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Zima soketi na uchomoe plagi. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Chomoa na nyaya nyingine zote. Kaa dakika chache ili umeme uliobaki ndani upungue. Ondoa pete, saa na bangili, na hakikisha mikono yako ni mikavu. Fungua skrubu za nyuma, utelezeshe ubavu wa kasha, kisha shika chuma kitupu cha kasha hilo kabla ya kugusa kitu kingine chochote ndani. Mwili wa mtu hukusanya umeme wa msuguano, ule ule uvutao vipande vya karatasi kwenye chanuo lililosuguliwa nywele. Wewe hutausikia, lakini vipande vidogo vya ubao vyaweza kuungua kwa huo. Fuata waya utokao kwenye kitufe kilichovunjika hadi uishiapo, kwa kawaida kwenye pembe ya chini ya ubao, penye safu mbili za pini fupi. Kwenye kichwa cha waya huo yameandikwa POWER SW, au maneno ya kufanana nayo, na mara nyingi ubao nao una maandishi madogo kando ya pini. Chora kwanza picha ya jinsi nyaya zote zilivyokaa. Chomoa waya wa kitufe kibovu, chomoa ule wa RESET, na uuchomeke huu wa pili kwenye pini mbili za ule wa kwanza. Usihofu juu ya kugeuza upande: kitufe hakina upande wa chanya wala hasi. Vitaa vidogo ndivyo vyenye upande, kwa hiyo nyaya za vitaa ziache zilivyo. Funga kasha, rudisha nyaya, chomeka, ujaribu.

Kuna kasha ambazo hazina kitufe cha pili. Mashine nyingi za ofisini za Dell na HP ziko hivyo, na nyaya zake za mbele huishia katika plagi moja isiyo na maandishi yoyote. Hapo mwalimu asibahatishe. Akiwa na kasha la kawaida lisilo na RESET, fundi aweza kumfungia kitufe cha kengele ya mlangoni kwa waya mwembamba wa nyuzi mbili, na kazi ikawa nzuri kabisa. Asikubali kufungiwa swichi ya taa. Swichi ya taa hubaki pale ilipowekwa. Ubao utadhani kitufe kimeshikiliwa, na baada ya sekunde nne au zaidi kompyuta itajizima, kisha lawama itaangukia kompyuta.

Mafundi wengi wana njia nyingine ya haraka: hufungua kasha huku plagi iko ukutani, wakagusisha ncha ya bisibisi kwenye zile pini mbili kwa nukta moja, na mashine ikawaka. Njia hiyo ni ya kweli. Volti zilizopo kwenye pini hizo ni chache, hazizidi 5, wala hazimdhuru mtu. Hatari ziko pembeni mwake. Bisibisi ikiteleza ikagusa pini za jirani, kwa mfano zile zipelekazo umeme kwenye matundu ya USB, ubao waweza kuungua. Na kisanduku cha umeme kiko karibu na kiwiko cha fundi, nacho ndani yake kina kapasita zishikazo volti zaidi ya 300, ambazo hubaki na nguvu hiyo kwa muda hata baada ya plagi kuchomolewa. Kisanduku hicho mwalimu asikifungue kamwe, wala asichokoe matundu yake, hata akiona usubi na mchanga vimejaa ndani. Njia ya bisibisi ifae mara moja tu, ya kumwezesha fundi kujua kwamba ugonjwa ni wa kitufe. Isiwe desturi ya kila asubuhi.

Kuna watakaoshauri mashine ipangwe iwake yenyewe kila umeme urudipo. Ubao mwingi mkuu una uwezo huo: mtu huingia katika programu ya msingi iitwayo BIOS, akatafuta mahali pasemapo "AC Power Loss" au maneno yanayokaribiana na hayo, akachagua "Power On". Baada ya hapo, kuwasha soketi ni kuwasha kompyuta. Mpango huu ni mzuri mahali penye umeme mtulivu. Katika vijiji vyetu, ambako umeme waweza kukatika na kurudi mara kadhaa katika saa moja ya mvua, mashine itakuwa ikiamka na kuzimika kama taa ya kibatari kwenye upepo, na diski yake itaumia. Shule ikiamua kuutumia, basi plagi ichomolewe kila baada ya kipindi, na mwanafunzi afundishwe kuzima kwanza kwa kufuata maelekezo ya kwenye kioo, ndipo soketi izimwe. Tena mashine ikiwa ya zamani, betri yake ndogo ya duara ya volti 3 huenda imekufa. Dalili yake ni saa ya kompyuta kurudi nyuma miaka mingi kila plagi ichomolewapo. Betri hiyo ikifa, mpango uliouweka utasahauliwa pamoja na saa.

Tuje sasa darasani. Jambo la kwanza ambalo mwalimu anapaswa kuamua ni kwamba kasha halitafunguliwa mbele ya watoto. Najua kwamba wapo wakufunzi watakaopinga wakisema mtoto ajifunze kwa kuona. Lakini mtoto hukumbuka kile mkono wa mwalimu ulichokifanya, na husahau maneno ambayo kinywa chake kilikuwa kikiyasema wakati huo huo. Mwalimu akigusisha bisibisi ndani ya mashine huku akisema "msijaribu nyumbani", watoto 50 wataondoka na jambo moja: chuma kikitiwa ndani ya chombo cha umeme, chombo huwaka. Na chombo cha umeme kilichoko nyumbani kwao ni soketi ya ukutani yenye matundu matatu. Matengenezo na yafanyike jioni, mlango umefungwa, pakiwa na mtu mzima mwingine ajuaye mahali pa kuzimia umeme.

Darasani watoto watumie tochi. Vifaa ni seli mbili kavu za volti 1.5, balbu ya tochi, waya kidogo, kipande cha ubao, misumari minne na vipande viwili vya bati la kopo la maziwa, vyenye kingo zilizokunjwa na kusuguliwa kwa jiwe ili zisikate vidole. Kipande cha kwanza cha bati kigongelewe msumari upande mmoja na kikunjwe kidogo kwenda juu, ili kikibonyezwa kiguse msumari wa pili na kikiachiwa kijirudi. Hicho ni kitufe. Kipande cha pili kigongelewe kwa ulegevu ili kiweze kuzungushwa na kulalia msumari mwingine, kikae hapo. Hiyo ni swichi. Wanafunzi wa darasa la tano hutengeneza vyote viwili katika kipindi kimoja, wakiwa katika makundi ya watu sita. Mwalimu asiwaambie tofauti yake. Awaulize kwa nini balbu moja imezimika mkono ulipoondoka na nyingine haikuzimika.

Kipindi cha pili ni cha mchezo, nao ndio ufikishao wazo gumu. Mwanafunzi mmoja huwa Kitufe, mwingine Ubao Mkuu, na wengine watano huwa Mashine, wameketi kimya. Kitufe hubonyeza bati. Balbu humweka mara moja. Ubao Mkuu, aliyekuwa akiitazama balbu tu, husimama na kuwaamuru Mashine waanze kazi: mmoja ahesabu, mwingine aimbe, mwingine achore ubaoni. Balbu imekwisha kuzimika, lakini kazi inaendelea. Mwalimu asimamishe hapo na kuuliza: ni nani anayewapa Mashine nguvu ya kuimba, Kitufe au uji walioukunywa asubuhi? Watoto watacheka, na katika kicheko hicho watatenganisha amri na nguvu. Kisha Kitufe abonyeze na kushikilia, darasa zima lihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne Ubao Mkuu awaamuru Mashine waache papo hapo, hata kama wimbo uko katikati ya neno. Mchoro ulioachwa nusu ubaoni ndio ushahidi mzuri wa kwa nini mashine isizimwe kwa kushikilia kitufe pasipo sharti.

Lipo kosa la kufikiri ambalo somo la tochi laweza kulizaa, nalo mwalimu alitazamie mapema. Mtoto aliyeshika nyaya za seli kavu siku mbili bila kuhisi chochote anaweza kuhitimisha kwamba umeme hauumi. Kabla vifaa havijarudishwa kabatini, mwalimu aandike ubaoni tarakimu mbili: 3, ambazo ni volti za seli zao mbili, na 230, ambazo ni volti za ukutani. Awaongoze kukokotoa ni seli kavu ngapi zingehitajika kupangwa mstari mmoja ili kufikia volti hizo. Watapata seli 154 kwa kukadiria kwenda juu. Wazipime kwa rula: kila seli kubwa ya tochi ina urefu wa sentimita 6 hivi, kwa hiyo mstari huo ungepita mita 9, aghalabu zaidi ya urefu wa darasa lao. Watoto waupime mstari huo sakafuni kwa chaki, wasimame mwanzoni mwake na kuutazama hadi mwisho.

Kwa upimaji, swali moja latosha: "Kitufe cha redio ya babu ni cha kuzungusha, kikizungushwa hubaki pale pale. Je, tungekifunga kwenye kompyuta yetu, ingetokea nini?" Mwanafunzi ajibuye kwamba ingewaka na kisha kuzimika baada ya kitambo, kwa kuwa ubao ungedhani kidole bado kipo, amelielewa somo. Ajibuye kwamba kompyuta ingepigwa shoti kwa kupata umeme mwingi mno bado anaamini kitufe ni mlango wa nguvu. Huyo arudishwe kwenye bati na balbu, na safari hii yeye ndiye awe Ubao Mkuu.